Jinsi ya Kuandika Andiko la Kuomba Fedha za Utafiti wa Menejimenti: Mwongozo Kamili

Maandiko mengi ya utafiti wa menejimenti hukataliwa huku wazo lake likiwa zuri. Kinachoyaangusha ni viungo. Mhakiki anasoma swali, anatafuta data itakayolijibu, haioni. Akiiona data, hamuoni mtu atakayeikusanya. Akimuona mtu, hakuti malipo yake kwenye bajeti. Kila kiungo kinapokatika alama zinashuka, hata kama kila sehemu ikisomwa peke yake inapendeza.

Kazi nzima, basi, ni kujenga mnyororo mmoja: swali, data, uchambuzi, kazi, gharama. Hatua zilizo hapa chini zinaufuata mnyororo huo, na mfano mmoja unatumika tangu mwanzo hadi mwisho: utafiti unaouliza kama kikao cha dakika 20 kila wiki kati ya msimamizi na mfanyakazi mpya kinapunguza idadi ya wanaoacha kazi ndani ya miezi 6 ya kwanza, katika vituo vya huduma kwa simu. Takwimu za mfano ni za kuonyeshea hesabu tu. Weka zako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika sentensi ya kwanza

- Tangazo kamili la ufadhili, pamoja na fomu ya alama wanayopewa wahakiki. Muhtasari wa ukurasa mmoja wa tovuti hautoshi.
- Maelezo ya miradi 2 au 3 iliyowahi kufadhiliwa na mfadhili huyo huyo, ili uone ukubwa wa maswali anayoyakubali.
- Machapisho uliyoyasoma kwa makini, hasa 5 hadi 8 ambayo andiko lako litabishana nayo au kuyaendeleza.
- Mtu mwenye mamlaka ndani ya kampuni au taasisi utakayoitafiti. Rafiki anayefanya kazi humo hahesabiki.
- Viwango vya taasisi yako: mishahara, posho, na asilimia ya gharama za uendeshaji.
- Tarehe za vikao vya kamati ya maadili.
- Mtakwimu, au mtafiti mzoefu wa mbinu za maelezo (mahojiano na nyaraka badala ya takwimu), anayekubali kushauri mapema.
- Wasomaji 2: mmoja wa fani yako, mwingine asiyeijua kabisa.
- Wiki 8 hadi 12. Chini ya hapo, kinachokosa muda kwa kawaida ni barua za kampuni na saini za taasisi, wala si uandishi.

## Hatua ya 1: Geuza tangazo kuwa orodha ya masharti

Chukua tangazo, pigia mstari kila neno la amri: "eleza", "thibitisha", "ambatisha", "isizidi". Liandike kila moja kwenye safu ya kushoto ya jedwali. Safu ya kulia andika ukurasa wa andiko lako utakaolijibu.

Kisha tazama vigezo vya alama. Vinatofautiana kuliko wengi wanavyodhani. NSF, taasisi ya taifa ya sayansi ya Marekani, hupima mambo mawili: ubora wa kitaaluma na faida pana kwa jamii. Mpango wa Horizon Europe wa Umoja wa Ulaya hupima matatu: ubora, athari na utekelezaji, kila kimoja kwa alama 5, na kwa kawaida kuna kiwango cha chini kwa kila kigezo. Maana yake ni kwamba wazo la kuvutia lenye mpango kazi dhaifu linaweza kutolewa bila kulinganishwa na mengine. Gawa kurasa zako kwa kufuata alama. Ukipewa kurasa 10, usitumie 4 kwa usuli ambao hauna kigezo chake.

Tahadhari: hakikisha kwanza kwamba mfadhili anagharimia utafiti. Wapo wanaogharimia mafunzo au ushauri kwa kampuni. Andiko linaloahidi "kuboresha utendaji wa kampuni tatu" ni la ushauri, na kwa mfadhili wa utafiti litakataliwa hata likiandikwa vizuri namna gani.

## Hatua ya 2: Toka kwenye tatizo la ofisini, fika kwenye swali la utafiti

Meneja ana tatizo: watu wapya wanaondoka. Hilo si swali la utafiti bado. Watafiti wengi huchukua tatizo hilo na kuliandikia kichwa kama "Mchango wa uongozi katika kubakisha wafanyakazi". Kichwa hicho hakisemi uongozi upi, unafanya nini, kwa nani, wala matokeo yatapimwaje. Mhakiki hawezi kukupa alama kwa kitu asichoweza kukikagua.

Swali linalofaa lina sehemu nne: kitendo kinachoweza kufanywa au kuachwa, watu mahususi, matokeo yanayopimika, na muda. Hivi:

*Je, kikao cha dakika 20 kila wiki kati ya msimamizi na mfanyakazi mpya kinapunguza uwezekano wa mfanyakazi huyo kuacha kazi ndani ya miezi 6, ukilinganisha na utaratibu wa kawaida wa usimamizi?*

Sasa lijaribu. Andika majibu matatu yanayowezekana: ndiyo, hapana, na kwa baadhi tu. Kwa kila jibu andika sentensi moja: nani atafanya nini tofauti akilijua. Ikiwa jibu la "hapana" halimfundishi mtu chochote, swali lako limeegemea upande mmoja, na mhakiki mzoefu atahisi kwamba umeshaamua matokeo.

Swali kuu liwe moja. Maswali madogo yasizidi matatu, na kila moja lilihudumie lile kuu. Maswali 7 huonyesha kwamba mtafiti hajachagua.

## Hatua ya 3: Onyesha mchango, usitegemee "pengo"

Sentensi inayoonekana mara nyingi mno kwenye maandiko ya menejimenti ni hii: "Hakuna utafiti uliofanyika kuhusu jambo hili katika sekta fulani." Huenda ni kweli, na bado haitoshi. Mambo ambayo hayajatafitiwa hayana mwisho. Mengi hayajatafitiwa kwa sababu hayahitaji. Mfadhili anataka kujua kwa nini hili litatubadilishia uelewa.

Njia ya uhakika ni kuweka maelezo mawili yanayoshindana, halafu utafiti wako uwe ndio mwamuzi. Katika mfano wetu, vikao vinaweza kufanya kazi kwa sababu vinatoa *taarifa*: mfanyakazi anajua anachotarajiwa kufanya na anakosea wapi. Au vinafanya kazi kwa sababu vinajenga *uhusiano*: mfanyakazi anajiona anathaminiwa na kuna mtu wa kumwendea. Tofauti hii ina uzito. Kama ni taarifa, ujumbe wa maandishi ulio bora ungetosha na ni rahisi. Kama ni uhusiano, hakuna ujumbe utakaoziba nafasi ya msimamizi.

Hapo nadharia inaacha kuwa pambo la kurasa mbili na inakuwa sababu ya kupima vitu fulani. Andika kila nadharia tete ikiwa na mwelekeo na sababu yake, na useme ni matokeo gani yatakayoikanusha.

Mapitio ya machapisho yafuate mkondo huo huo. Yapange kwa hoja: kundi hili linasema hivi, kundi lile linasema vile, hawakubaliani hapa, na sababu ni kwamba hawajapima kitu hiki. Orodha ya "fulani alisema, naye fulani alisema" inamwachia mhakiki kazi ya kuunganisha, na hana muda huo.

Dalili kwamba umefika: msomaji wa fani anaweza kusema kwa sentensi moja nini kitakachobadilika kwenye nadharia matokeo yakienda upande huu au ule.

## Hatua ya 4: Mbinu za utafiti

Hapa ndipo maandiko mengi hufia, kwa hiyo ipe nafasi kubwa kuliko sehemu nyingine zote.

### Muundo uendane na kitenzi cha swali

Swali la "kinapunguza" ni la chanzo na matokeo. Dodoso moja la siku moja haliwezi kulijibu. Kampuni zenye vikao vya kila wiki huenda zina mameneja bora kwa ujumla, mishahara mizuri au watu waliochujwa vyema, na hayo yenyewe yanapunguza kuondoka. Mhakiki ataliona hilo katika dakika ya kwanza.

Kwenye mfano wetu tunawagawa wasimamizi kwa bahati nasibu: nusu wafanye vikao, nusu waendelee kama kawaida. Tunawagawa *wasimamizi*, si wafanyakazi mmoja mmoja, kwa sababu msimamizi aliyefundishwa kufanya vikao na baadhi ya watu wake ataanza kuwatendea hivyo na wengine, na tofauti kati ya makundi itafutika. Sababu kama hii iandike waziwazi. Inaonyesha kwamba umewaza jinsi kazi inavyofanyika kweli.

Pasipowezekana kugawa kwa nasibu, linganisha mabadiliko ya kabla na baada kati ya matawi yaliyoanza utaratibu na yasiyoanza, na uonyeshe kwamba kabla ya utaratibu matawi hayo yalikuwa yakienda kwa mwelekeo mmoja. Hata hilo likishindikana, badilisha kitenzi cha swali. "Yanahusianaje" ni swali halali. "Yanasababishaje" bila muundo wake ni deni usiloweza kulilipa.

### Ukubwa wa sampuli uwe na hesabu

"Tutatumia washiriki 300" bila sababu ni kukaribisha alama ya chini. Onyesha hesabu. Kwa mfano wetu:

1. Rekodi za kampuni zinaonyesha 30% ya wafanyakazi wapya huondoka ndani ya miezi 6.
2. Tofauti ndogo kabisa ambayo ingemfanya meneja abadilishe utaratibu ni kushuka hadi 20%.
3. Kwa uwezo wa kitakwimu wa 80% (nafasi ya kuigundua tofauti hiyo ikiwa ipo kweli) na kiwango cha 0.05 kwa pande mbili (nafasi ya kuona tofauti isiyokuwepo), zinahitajika takriban watu 294 kila kundi, yaani 588.
4. Watu wa msimamizi mmoja hufanana. Kila msimamizi akiwa na watu 8 wapya, na ufanano ndani ya kundi (kipimo cha 0 hadi 1) ukiwa 0.05, zidisha 588 kwa 1 + (8 − 1) × 0.05 = 1.35. Tunapata 794, sawa na wasimamizi 100.
5. Wasimamizi 10% huenda wakahamishwa au kujitoa. 100 ÷ 0.9 inatupa 112 tukikamilisha kwa idadi shufwa: 56 kila upande, wafanyakazi 896.

Namba ya nne ndiyo inayosahaulika zaidi. Utafiti wa menejimenti karibu kila mara unahusu watu walio ndani ya timu, na timu ndani ya matawi. Ukiwahesabu kana kwamba hawajuani, sampuli itapungua kwa robo nzima au zaidi bila wewe kujua.

Tahadhari: usichukue ukubwa wa athari (tofauti unayotarajia kuipata) kutoka kwenye jaribio dogo la watu 20. Makadirio ya sampuli ndogo huyumba sana. Tumia tofauti yenye maana kwa anayeamua, au matokeo ya tafiti kubwa zilizokwisha kufanyika.

### Vipimo: usimuulize mtu mmoja kila kitu

Kosa sugu la fani hii ni mtu mmoja kujaza dodoso moja siku moja, akijibu kuhusu bosi wake, motisha yake na utendaji wake. Siku hiyo akiwa na furaha, vyote vitapanda pamoja, na utadhani umegundua uhusiano. Tenganisha vyanzo na nyakati. Kwenye mfano: kuondoka kunachukuliwa kutoka kwenye rekodi za rasilimali watu, taarifa na uhusiano vinapimwa kwa dodoso fupi wiki ya 4 na wiki ya 12, na vikao vilivyofanyika kweli vinathibitishwa kwa kalenda, si kwa kumuuliza msimamizi peke yake.

Hilo la mwisho ni la lazima. Vikao visipofanyika na matokeo yakawa sifuri, utahitaji kujua kama wazo limeshindwa au halikujaribiwa.

### Kama mbinu yako ni ya maelezo

Usiombe radhi kwa kutokuwa na takwimu. Eleza mambo haya kwa ukamilifu uleule: kesi ngapi (4 hadi 10 ni kawaida kwa ulinganisho), zimechaguliwa kwa tofauti gani ya kinadharia, mahojiano mangapi kwa kila kesi na ngazi zipi za watu, nyaraka zipi, nani atafanya uainishaji wa mada, na tofauti za waainishaji zitatatuliwaje. Sentensi "data itachambuliwa kwa NVivo" haielezi uchambuzi. Programu hupanga maandishi; anayetafsiri ni wewe, na mhakiki anataka kujua kwa kanuni gani.

Kwenye mfano wetu kuna mahojiano 24, ya dakika 45 kila moja: wasimamizi 12 na wafanyakazi 12, nusu wakiwa kutoka timu ambazo vikao vilifanyika vizuri na nusu kutoka zilizolegea. Lengo lake limetajwa: kueleza *kwa nini* vikao vilishika sehemu moja na kulegea sehemu nyingine.

Malizia sehemu hii kwa jedwali la safu tatu: swali dogo, data yake, uchambuzi wake. Kama kuna mstari wenye nafasi tupu, futa swali au ongeza data. Kama kuna data isiyo na swali, iondoe. Inagharimu fedha na uchovu wa washiriki.

## Hatua ya 5: Pata ruhusa ya kampuni kwa maandishi

Mkemia ana maabara yake. Mtafiti wa menejimenti anategemea mlango wa mtu mwingine, na mhakiki anajua kwamba mlango huo unaweza kufungwa wiki yoyote. Barua ya jumla inayosema "tunaunga mkono utafiti huu muhimu" haimwondolei wasiwasi.

Barua yenye nguvu hutaja:

- jina na cheo cha aliyesaini, mwenye mamlaka juu ya watu au data inayotakiwa;
- idadi ya timu na kipindi ambacho zitapatikana;
- data itakayotolewa, kwa safu zake (tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kuondoka, kitengo), na itatolewa mara ngapi;
- saa za kazi ambazo wafanyakazi wataruhusiwa kushiriki;
- kukubali kwamba matokeo yatachapishwa vyovyote yatakavyokuwa.

Kipengele cha mwisho ndicho kigumu. Kampuni nyingi zinataka haki ya kuzuia uchapishaji. Kubali wasome kabla, kwa mfano siku 30, ili waonyeshe siri za biashara au makosa ya ukweli. Usikubali haki ya kuzuia. Mfadhili akiiona kwenye makubaliano, ataona kwamba fedha zake zinaweza kuzalisha ripoti ya kabatini.

Andika barua ya mfano wewe mwenyewe na umpelekee mhusika airekebishe. Ukimwachia ukurasa mtupu, utapata ya sentensi tatu.

Ruhusa ya mwajiri haiwi ridhaa ya mfanyakazi. Eleza jinsi mfanyakazi atakavyokataa bila bosi wake kujua, nani atakayetunza orodha, na jinsi majibu ya timu ya watu 8 yatakavyofichwa. Kwenye timu ndogo hivyo, "mwanamke, miaka 50, idara ya malipo" ni sawa na kutaja jina. Sema wazi kwamba kampuni itapewa majumlisho tu, na si ya kundi dogo kuliko idadi utakayoiweka.

Uwe pia na kampuni ya akiba iliyokwisha kuzungumzwa nayo.

## Hatua ya 6: Mpango kazi unaopumua

Kwa mradi wa miezi 24, mfano wetu unaenda hivi:

- Mwezi 1–4: kibali cha maadili, mikataba ya data.
- Mwezi 5–6: majaribio kwa timu 4 zilizo nje ya sampuli, kurekebisha dodoso, mafunzo kwa wasimamizi 56.
- Mwezi 7–12: kuingiza wafanyakazi wapya kadiri wanavyoajiriwa.
- Mwezi 12–17: mahojiano.
- Hadi mwezi 18: wa mwisho kuingia anatimiza miezi 6.
- Mwezi 19–22: uchambuzi.
- Mwezi 20–24: makala, ripoti, kurudisha matokeo kwenye kampuni.

Fanya ukaguzi mmoja ambao wengi hawaufanyi. Wafanyakazi 896 kwa miezi 6 ni takriban 150 kwa mwezi. Je, kampuni hizo huajiri wengi hivyo? Weka namba za uajiri wa mwaka uliopita kando ya mpango. Zisipotosha, refusha kipindi cha kuingiza au ongeza kampuni, na ufanye hivyo sasa kabla bajeti haijafungwa.

Hatari ziandike nne au tano za kweli, kila moja ikiwa na dalili ya mapema na hatua itakayochukuliwa. "Kampuni moja ikisitisha uajiri kwa miezi 2 mfululizo, kampuni ya akiba inaingia mwezi unaofuata." Kusema "hatari zitadhibitiwa ipasavyo" ni kuacha nafasi wazi.

## Hatua ya 7: Bajeti inayotoka kwenye kazi

Anza na mpango kazi, usianze na kiwango cha juu cha mfadhili. Kila mstari uwe na kiasi mara bei mara muda, pamoja na sentensi ya sababu.

Unukuzi wa mahojiano, kwa mfano: 24 × dakika 45 ni saa 18 za sauti. Kunukuu kwa mkono huchukua saa 4 hadi 6 kwa kila saa ya sauti, hivyo ni saa 72 hadi 108. Kwa saa 6 za kazi halisi kwa siku, ni siku 12 hadi 18 za mnukuzi. Ukitumia programu ya kunukuu, punguza saa lakini ubakize muda wa mtu kusikiliza na kusahihisha. Mafunzo: wasimamizi 56 kwa makundi ya 14 ni vikao 4 vya nusu siku. Msimamizi wa data: nusu muda kwa miezi 18, yaani miezi-mtu 9 (sawa na mtu mmoja wa muda wote kwa miezi 9).

Vinavyosahaulika ni vilevile kila mara: siku za mtakwimu, tafsiri ya dodoso na tafsiri ya kulirudisha ili kulinganisha, hifadhi salama ya data, ada za uchapishaji huria (makala kusomwa na yeyote bila malipo), na kurudisha matokeo kwa washiriki.

Bajeti ndogo mno ni hatari sawa na kubwa mno. Mhakiki aliyewahi kuendesha utafiti wa timu 112 akiona msaidizi mmoja wa miezi 4, ataandika kwamba mradi hautekelezeki.

Angalia sheria ya gharama zisizo za moja kwa moja, yaani zile za uendeshaji wa taasisi, kabla ya kujumlisha. Horizon Europe, kwa mfano, hutumia kiwango cha 25% ya gharama za moja kwa moja zinazokubalika, ukiondoa baadhi kama mikataba ya nje. Wengine hawalipi kabisa, na hapo taasisi yako lazima ikubali kwa maandishi kubeba mzigo.

Jaribio: shika mstari wowote wa bajeti, tafuta kazi yake kwenye mpango. Kisha shika kazi yoyote, tafuta fedha yake. Kisichopatikana kirekebishwe pande zote mbili.

## Hatua ya 8: Nani atatumia matokeo, na ataamua nini

Semina moja na makala mbili ni mazao ya mradi. Athari ni uamuzi wa mtu kubadilika. Taja mtu huyo kwa cheo, uamuzi wake, na taarifa atakayoihitaji.

Kwa mfano wetu, mkuu wa rasilimali watu ataamua kama atawapa wasimamizi muda wa vikao. Atauliza gharama. Dakika 20 kwa wiki 26 ni takriban saa 8.7 za msimamizi kwa kila mfanyakazi mpya. Kuondoka kukishuka kutoka 30% hadi 20%, vikao na watu 10 vinambakisha mtu mmoja zaidi. Hivyo kila anayebakishwa anagharimu hadi saa 87 za wasimamizi. Mkuu huyo anaweza kuzilinganisha na gharama ya kuajiri na kufundisha mbadala. Aya moja yenye hesabu hiyo ina uzito kuliko ukurasa mzima kuhusu umuhimu wa rasilimali watu kwa maendeleo.

## Hatua ya 9: Andika ukurasa wa kwanza, mwishoni

Wajumbe wengi wa jopo si wa fani yako. Huenda ukurasa huu ndio pekee wanaousoma kwa utulivu. Uandike kila kitu kingine kikiwa kimetulia, kwa mpangilio huu: tatizo, kisichojulikana, swali, mbinu, kitakachobadilika.

> Karibu theluthi moja ya wafanyakazi wapya katika vituo vitatu vya huduma kwa simu huondoka ndani ya miezi 6. Haijulikani kama wasimamizi huwabakisha kwa kuwapa taarifa au kwa kujenga uhusiano. Utafiti huu unajaribu kikao cha dakika 20 kila wiki kwa kugawa wasimamizi 112 kwa bahati nasibu na kufuatilia wafanyakazi 896 kwa rekodi za ajira. Dodoso za wiki ya 4 na ya 12 pamoja na mahojiano 24 zitaonyesha ni njia ipi inayofanya kazi. Matokeo yataamua kati ya maelezo mawili ya kinadharia, na kuwapa waajiri gharama halisi ya kila mfanyakazi anayebaki.

Hakuna sifa kama "wa kipekee" wala "wa kimapinduzi". Kila sentensi inaweza kukaguliwa ndani ya andiko.

## Hatua ya 10: Jaribu kwa wasomaji, kisha wasilisha

Mpe msomaji wa nje ukurasa wa kwanza kwa dakika 3, uuchukue, umuulize: tunauliza nini? tutajuaje jibu? kwa nini lina maana? Akikwama, usimweleze kwa mdomo. Rekebisha ukurasa, kwa sababu hutakuwepo jopo likikaa.

Msomaji wa fani mpe fomu ya alama ya mfadhili aijaze kwa ukali, na aandike sababu mbili za kulikataa andiko. Sababu hizo zijibu ndani ya andiko.

Namba zihakikiwe kote: 112 ya mbinu iwe 112 ya bajeti, ya barua na ya muhtasari. Baada ya marekebisho mengi namba huachana, na mhakiki akikuta 112 hapa na 100 pale ataanza kutilia shaka mengine yote. Fuata ukubwa wa herufi, kingo na idadi ya kurasa bila kujipendelea; wapo wafadhili wanaorudisha andiko bila kulisoma kwa kosa hilo. Saini za taasisi ziombe siku 5 za kazi kabla, na upakie saa 48 kabla ya mwisho. Baada ya kupakia, pakua nakala iliyopokelewa uifungue: majedwali na alama za hesabu huharibika humo.

## Hatua ya 11: Majibu yakirudi na hapana

Subiri siku chache, halafu yagawe maoni ya wahakiki mafungu matatu: walichosema kwa usahihi, walichoelewa vibaya, na wasichokipenda tu. Fungu la pili lishughulikie kama la kwanza. Kilichoeleweka vibaya kiliandikwa mahali pabaya au kwa ufinyu.

Kama wahakiki wawili wamegusa jambo moja kwa maneno tofauti, anzia hapo. Lawama juu ya sampuli, vipimo au ruhusa ya kampuni hurekebishika ndani ya miezi. Lawama kwamba swali halina mchango inakurudisha hatua ya 3, na kubadili maneno hakutasaidia.

Mfadhili akiruhusu kuwasilisha upya, jibu kila hoja kwa jedwali: hoja, badiliko, ukurasa. Pale usipokubaliana na mhakiki, sema hivyo kwa heshima, toa ushahidi, na ueleze ulichokiongeza ili msomaji mwingine asikwame palepale.